Kioo, Chupa na Mama wa Soy

Sikusomea kazi ninayoifanya. Nilitoka kwetu kando ya ziwa nikaingia maabara ya kliniki yetu hapa Eldoret kama mtu wa kuosha vioo, na kwa kuwa vioo vya hadubini huoshwa kwa uangalifu kuliko vikombe vya chai, nikapata mazoea ya kuvitazama. Nilinunua vitabu vya mitumba, kimoja kimoja, nikavisoma kamusi ikiwa upande mmoja na rula upande mwingine, maana hupigia mstari kila sentensi ninayotaka kuikumbuka. Baadaye nilifanya mtihani, nikapewa cheti. Siku hizi mimi ndiye ninayesoma kwanza vioo vyote vya mlango wa kizazi. Daktari wa patholojia huja Alhamisi na kupitia vile nilivyovitilia shaka. Nisivyovitilia shaka huvitia sahihi kwa kuniamini. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba kosa nitakalolieleza halikuhitaji msaada mwingi kutoka kwa wengine.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Sista, muuguzi wetu, anachukua seli kutoka mlango wa kizazi kwa brashi ndogo ili tutafute dalili za saratani. Kwa njia ya zamani anazipaka kwenye kioo, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, kisha anakitumbukiza kioo ndani ya mtungi wa spiriti ili seli zife zikiwa na sura zao. Kwa njia mpya anavunja kichwa cha brashi ndani ya chupa yenye dawa na kufunga kifuniko. Chupa inaletwa kwangu, mashine inachuja damu na kamasi, halafu inatandaza seli kwenye kioo katika duara moja safi.

Mashine hiyo tuliazimwa na kampuni kwa muda, tuijaribu. Daktari akanipa kazi ya kulinganisha: kila mwanamke atakayekubali, kioo kimoja na chupa moja kutoka brashi ileile, nami niandike kila njia imeonyesha nini. Kuhusu saratani kila mtu alikuwa na maoni yake tayari. Alichotaka kujua Daktari ni habari za maambukizi: fangasi, bakteria, na mdudu aitwaye trikomonasi, mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye kwa kawaida mtu humpata kitandani kwa mwenzake.

"Andika unachoona," Daktari aliniambia, "si unachopenda."

Nilimhakikishia kwamba sikuwa na upendeleo. Nilikuwa huru kama refa aliyezaliwa kijiji kimoja na timu ya nyumbani. Vioo nilikuwa nimeviosha, nimevipaka rangi na kuvisoma kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Mashine ilikuwa imefika juzi ndani ya sanduku, na ilikuwa na taa ya kijani iliyowaka kila ilipojisifu kuwa imemaliza. Picha zake zilinisumbua kwa usafi wake. Zilifanana na nyumba iliyofagiliwa kabla ya polisi kufika. Seli zilionekana vizuri, ndiyo, lakini ile takataka ya pembeni, usaha na ute na bakteria waliolala makundi makundi, ambayo kwangu ni nusu ya habari, ilikuwa imepungua sana.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, kiangazi, wakati ule upepo wa huku juu unapokausha shuka la kwanza kabla hujamaliza kuanika la tatu. Nilichora jedwali langu kwa rula. Siandiki hesabu zake hapa. Zilikuwa hesabu za kliniki moja ndogo, na hesabu ndogo hazifai kutembea peke yake nje. Inatosha kusema kwamba wiki chache tu baadaye nilianza kufurahi. Mara kwa mara kioo kilinionyesha trikomonasi, na chupa ya mwanamke yuleyule haikuonyesha kitu. Mashine ilikuwa inapoteza wadudu. Jioni, nikirudi chumbani kwangu mtaa wa Huruma, nilikuwa natunga kichwani barua ya kuirudisha, kwa heshima zote.

Mwanamke mmoja kati ya hao nitamwita Mama wa Soy, kwa sababu alitoka Soy na kwa sababu jina lake si langu kulitoa. Kioo chake kilisema trikomonasi, chupa yake ikanyamaza. Kwa kuwa kioo ndicho kilichokuwa kipimo chetu rasmi na mashine ilikuwa mgeni, nilipeleka majibu ya kioo. Sikumwonyesha Daktari. Sikuwa na shaka.

Alikuja asubuhi moja, karatasi yetu ikiwa imekunjwa ndani ya leso. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mkulima wa mahindi na vitunguu, sweta yake imefungwa vifungo vyote. Hakukaa.

"Ni wewe umeandika hii karatasi?"

"Ni mimi, Mama."

"Inasema niko na mdudu ya kupewa na mwanaume."

Nikaanza kumweleza jinsi maambukizi yanavyosambaa. Akaniacha nimalize, kama mtu anayengojea gari la moshi lipite ili avuke.

"Mimi sina mwanaume mwingine," akasema. "Na mwenye niko naye ameapa hana mwanamke mwingine. Sasa huyu mdudu alikuja na nini, lori ya mbolea?"

"Wakati mwingine mtu anaweza kukaa naye miaka mingi bila kujua, Mama."

"Hiyo pia nilimwambia. Sista alinieleza. Mwalimu akasema hiyo ni maneno ya kuficha." Mwalimu ndiye mume wake, anafundisha shule ya msingi. "Amehama. Ameenda kukaa kwa ndugu yake na blanketi mbili. Tulikuwa na tatu."

Nikachukua ile karatasi, nikahakikisha namba ya kioo chake.

"Nataka kumwona hiyo mdudu," akasema. "Kama ameniharibia nyumba, wacha nimjue sura."

Ningeweza kumwambia kwamba wagonjwa hawaingii maabara. Badala yake nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimwonyeshe. Nilitoa kioo chake sandukuni, nikakiweka chini ya lenzi, nikatafuta mahali nilipokuwa nimeweka alama ya wino, nikamsogezea kiti. Akafumba jicho moja ingawa hadubini yetu ni ya macho mawili.

"Ni huyu amekaa kama mbegu ya boga?"

"Huyo."

"Huyu mwekundu-mwekundu?"

"Huyohuyo."

"Hata miguu hana."

"Ana vimikia, Mama, ila kwa rangi tunayotumia havionekani."

Alitazama muda mrefu. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo niliichukua kuwa ni kuelewa.

"Basi ni yeye," akasema. "Nilikuwa nimekuja kubisha. Lakini nimemwona na macho yangu. Labda mimi ndiye sijui maisha yangu."

Alichukua dawa dirishani akaenda zake. Nami niliandika pembeni mwa daftari kwamba nimetoa elimu ya afya.

Jedwali lilikuwa karibu kukamilika nilipofanya jambo ambalo hulifanya kwa mazoea tu, si kwa hekima. Kabla ya kukabidhi kazi yoyote, huipanga upya kwa njia nyingine, nione kama bado inasimama. Nilikuwa nimepanga kwa majina ya siri. Safari hii nilipanga kwa sababu iliyomleta mwanamke kliniki. Waliokuja kwa uchunguzi wa kawaida, wenye haraka ya kurudi sokoni, kioo na chupa vilikubaliana. Waliokuja na hofu, kwa sababu ya damu au maumivu au dada aliyefariki, hao ndio walioonekana na trikomonasi kwenye kioo, naye kwenye chupa hakuwapo.

Mdudu hachagui wenye hofu. Hilo halikuwa katika kitabu chochote nilichonunua.

Nikarudisha vioo vile chini ya lenzi. Nikavitazama jinsi nilivyopaswa kuvitazama mara ya kwanza, kuanzia seli zinazomzunguka mdudu, si mdudu mwenyewe. Zilikuwa zimevimba. Viini vyake vilikuwa vimefifia na kingo zake zilikuwa na wekundu usio wake. Trikomonasi halisi, kwa rangi yetu, ni wa kijivu kinachokaribia samawati, na ana kiini chake, chembamba. Wangu walikuwa wekundu-wekundu, na nilichokuwa nimekiita kiini hakikuwapo. Mama wa Soy aliitaja rangi ile mwenyewe, na mimi nikamjibu huyohuyo.

Nilijua ni nini. Kimo katika kitabu changu cha pili, na mstari nimeupiga mara mbili, kwa kalamu mbili tofauti: kioo kikikauka kabla ya kuingia kwenye spiriti, vipande vya seli zilizokufa huweza kufanana na trikomonasi. Naikumbuka sentensi hiyo hadi nukta yake. Ila nilikuwa naikumbuka kama mtu anavyokumbuka aya aliyoikariri Jumapili, kwa ajili ya kuisema.

Lililobaki lilikuwa kujua vinakaukia wapi. Mtungi wa spiriti ulikuwa kando ya kitanda, mkono tu ukinyooshwa. Sista wetu hana uvivu. Ni mama wa Ainabkoi, mwenye shamba la viazi na kwaya, na kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kuacha kazi nusu. Kwa hiyo sikumuuliza. Nilivua saa yangu, nikaishika mkononi, nikaketi kwenye benchi nje ya chumba chake, nyuma ya mlango uliofungwa.

Niliyoyasikia ni haya. "Tulia Mama, nimemaliza." Kifuniko cha chupa kikazungushwa. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, "Sasa tufumbe macho." Akamweka mwanamke yule mikononi mwa Mungu. Akamtaja mama yake aliyekufa kwa saratani. Akataja watoto, karo, na daktari atakayesoma. Alinitaja hata mimi, kwamba macho yangu yafunguliwe. Dakika nne na nusu. Ndipo nikasikia kioo kikigonga ukingo wa mtungi.

Mgonjwa alipotoka akipangusa machozi, Sista akafuata, akanikuta.

"Mzee. Umekaa kwa mlango yangu na saa mkononi. Unaniombea ama unanipimia?"

"Nakupimia, Sista."

"Haya. Nimepata ngapi?"

Nikamwambia. Nikamweleza habari za seli zinazokauka. Akasikiliza huku amekunja mikono.

"Wengine unaombea dakika moja," nikasema.

"Wengine wako na shida ya dakika moja."

"Na hicho kioo unakishika mkononi wakati huo wote?"

"Nakishika. Si ndicho tunakiombea? Siwezi tumbukiza mtu kwa spiriti kabla sijamweka kwa Mungu. Kikiingia huko, si maneno imekwisha? Imeandikwa?"

Hapo nilielewa kazi ya miezi ile yote. Kadiri mwanamke alivyohitaji jibu la kweli, ndivyo alivyoombewa zaidi. Kadiri alivyoombewa, ndivyo kioo kilivyokauka. Wenye haraka walipata majibu sahihi. Na chupa, ambayo nilikuwa tayari kuirudisha kwa mwenyewe kwa sababu inapoteza wadudu, haikuwa imepoteza hata mmoja. Haikuwa hodari kuliko kioo. Ilikuwa tu imefungwa kabla ya maombi kuanza.

"Sista," nikasema, "je, maombi hayawezi kupita kwenye spiriti? Utumbukize kwanza, uombe baadaye."

Akaniangalia kwa huruma. "Yanapita kwa mabati yenu huko Huruma, yatashindwa na spiriti?" Akawaza. "Wewe ungesema hivyo tangu zamani. Nyinyi watu wa ziwa mnasoma vitabu mpaka usiku, lakini kusema ni shida."

Ilikuwa kweli. Katika miaka yote hiyo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote upande ule wa mlango kwa nini kioo kinapaswa kuharakishwa. Nilidhani maarifa yakishafika kwangu yamefika.

Siku hiyohiyo alibadilisha utaratibu. Alitumbukiza, akafunika mtungi, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akaomba apendavyo. Vioo vikawa vibichi. Trikomonasi wa ajabu wakatoweka, wakabaki wachache wa kweli, ambao chupa nazo ziliwaonyesha. Bakteria bado niliwasoma kwa urahisi zaidi kwenye kioo, na hilo niliandika pia, kwa sababu nililiona. Kuhusu njia mbili za kuandaa seli, jedwali langu lilikuwa sasa limenyooka. Lakini jedwali halikuwa limehama na blanketi mbili.

Alhamisi nilimpelekea Daktari vioo vyote vilivyokauka na nikamwambia majibu yapi yalitoka kwa neno langu tu. Hakupaza sauti. Alivisoma kimoja baada ya kingine. Alipofika kwa Mama wa Soy alisema, "Huyu si mdudu. Ni uchafu wa seli."

"Nilimwonyesha," nikasema.

"Ulimwonyesha nani?"

"Mwenyewe. Alikaa hapo ulipokaa."

Daktari akavua miwani. Tatizo aliliona haraka kuliko mimi. Mama wa Soy alikuwa ameshameza dawa. Tungempima upya na kumkuta hana kitu, mume angesema dawa imefanya kazi. Kioo cha kwanza kilikuwa kimeharibika, na kioo hakirudiwi, kilichopakwa kimepakwa. Kulikuwa na shahidi mmoja tu wa siku ile kabla ya dawa, naye alikuwa kwenye rafu yangu: chupa yake, ambayo mashine ilikuwa imetumia kiasi tu cha maji yake. Mashine niliyokuwa nikiitungia barua.

Tukatengeneza kioo cha pili kutoka kwenye chupa. Daktari akakisoma kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yaliyobaki tukayapeleka kwenye maabara kubwa yenye kipimo kinachotafuta vinasaba vya mdudu mwenyewe, hata akiwa amekufa. Nilingoja majibu yale kwa wiki nzima nikiwa na woga ambao sikuwahi kuwa nao kwa mtihani wangu mwenyewe. Yalipokuja yalisema hakuna. Hakuna hata dalili kwamba amewahi kupita.

Niliandika barua mwenyewe, kwa Kiswahili, na Daktari akatia sahihi chini yangu. Tukampigia simu Mama wa Soy. Sista akamwomba aje na Mwalimu.

Walikuja wakakaa kwenye benchi la nje, katikati yao pakiwa na nafasi ya mtu mmoja mnene. Mwalimu alikuwa amevaa tai. Wanawake wengine watano hivi walikuwa wakingoja zamu zao. Nikawaomba wawili hao waingie ofisini.

"Hapa ni sawa," Mama wa Soy akasema.

Nikainama, nikamweleza kwa sauti ya chini. Kioo kilikauka. Niliyemwonyesha hakuwa mdudu. Hakuwa naye siku ile, na hakuna dalili kwamba aliwahi kuwa naye. Kosa ni langu.

"Lakini nilimwona," akasema.

"Uliona nilichokuambia ni yeye, Mama."

Mwalimu ndiye aliyeuliza, na lilikuwa swali zuri. "Sasa mzee, niamini jicho lako la kwanza ama la pili?"

"Usiamini jicho langu hata moja, Mwalimu. Amini chupa."

"Hiyo ataamini," mke wake akasema. "Mimi tumekaa naye miaka kumi na nane, nikimwambia kitu ni maneno ya kuficha. Chupa amekutana nayo leo." Akachukua barua mkononi mwangu, akaitazama juu hadi chini, akampa mume. "Soma."

Mwalimu akaanza kusoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Hapana. Soma na sauti."

"Mama Chebet, hapa kuna watu."

Ni jina la binti yao mkubwa alilomwita, na nimelibadilisha.

"Ile ya kwanza ulisoma mbele ya ndugu zako wote, ukiwa umesimama, mama yako amekaa pale. Hakukuwa na watu?"

Nikaona nina wajibu. Nikasema kwamba majibu ya maabara ni siri ya mgonjwa.

"Mgonjwa ni mimi," akasema bila kugeuka. "Simama, Mwalimu."

Mwalimu akasimama, akanyoosha tai. Alianza chini chini, na wanawake wa benchi wakaacha kuzungumza. Ilipofika sentensi ya pili sauti yake ilikuwa imeingia mahali pake pa kila siku, ile ya darasani, inayofika dawati la mwisho. Alisoma kwamba kioo cha kwanza kilikauka kabla ya kuhifadhiwa. Alisoma kwamba aliyekisoma alikosea, na cheo changu kikafuata, kama nilivyokiandika. Benchi zima likanitazama. Kisha akafika mahali paliposema mama huyu hakuwa na ugonjwa huo, wala hapakuwa na sababu yoyote katika kipimo hiki ya kumshuku, na hapo akatua kidogo.

"Endelea," mke wake akasema.

"Imeisha."

"Haijaisha. Naona mstari mwingine."

Ulikuwa mstari wa tarehe na sahihi. Akausoma huo pia. Mama wa Soy akanyoosha mkono, akapokea barua, akaikunja ndani ya leso yake na kuniuliza kama ningeweza kumtolea nakala nyingine, ya mama mkwe. Nikaenda kuitoa. Niliporudi, Mwalimu alikuwa bado amesimama, na mke wake alikuwa akimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba atangulie kwa ndugu yake kuchukua blanketi, azifue kwanza, na zikikauka ndipo alete.